Kutafuta ruzuku ya mikoko Mkinga: shajara ya kikundi, 2023 hadi 2025

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 27, wanawake 16 na wanaume 11, katika kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga, mkoani Tanga. Tunarudisha mikoko kwenye shamba la chumvi lililoachwa, kama hekta 6. Shajara hii nimeianza kwa sababu ya simu. Vikundi vya jirani vinataka kujua tulipataje mfadhili, wengi wanabipu, na vocha zinaishia kuwa zangu. Basi someni hapa. Kila hatua ikikamilika naongeza, na pesa zilizotutoka nazitaja, zikiwemo za aibu.

12 Februari 2023: Karatasi kwanza

Tumeandikishwa halmashauri kama kikundi cha kijamii. Vilivyotakiwa ni katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama yenye sahihi, na barua ya mtendaji wa kijiji. Ni kazi ya siku chache. Sisi imetuchukua wiki 7.

Kosa lilikuwa katiba. Tuliinakili kutoka VICOBA ya mtaa wa pili, tukabadili jina tu. Afisa maendeleo ya jamii akafungua kifungu cha malengo, akakuta "kununua hisa na kukopeshana". Akatazama juu, akauliza: "Katibu, mikoko mnaikopesha kwa riba gani?" Tukarudi nyumbani na katiba yetu kwapani.

Safari hii tumeiandika wenyewe. Vifungu vitatu tumevipigania hadi usiku: lengo la mazingira litajwe wazi, mali iende wapi kikundi kikivunjika, na nani anaidhinisha malipo. Kosa la pili tuliligundua baadaye sana, kwa hiyo nimerudi kulidokeza hapa: watia sahihi wetu watatu wa benki walikuwa mwenyekiti, shemeji yake na binamu yake. Kijijini hakuna aliyeona ajabu, maana sote tunahusiana. Mfadhili aliona.

Gharama mpaka hapa, pamoja na amana ya kufungulia akaunti: shilingi 285,000.

4 Juni 2023: Mifuko kumi na minne kwenye daftari

Miezi mitatu ya kukaa chini ya mwembe wenye mtandao. Nimeorodhesha mifuko 14 inayotoa ruzuku za uhifadhi, na mingi nimeikata. Nitaje sababu, zikuokoeeni bando.

Wa kwanza kukatwa uliniuma. Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao Morogoro tangu 2001, unafadhili hata miradi midogo ya vijiji. Asubuhi isiyo na ukungu tukiwa baharini tunaiona Usambara Mashariki, wavuvi wanaitumia kama alama. Lakini pesa ni za wanaoishi kando ya misitu ya milimani, na sisi tupo mchangani.

Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi unatoa hadi dola 25,000, ila kwa ajili ya spishi fulani iliyo hatarini, kwa jina lake. Sisi hatuna mnyama mmoja wa kumsemea, tuna tope lenye kila kitu. Rufford ya London inampa mtu au timu ndogo, na inataka wadhamini watatu wanaoijua kazi yako. Kijana mwenye shahada ya bahari akiwa kijijini kwenu, msukumeni aombe. Darwin Initiative ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1992, ruzuku zake kuu ni za mamia ya maelfu ya pauni, na hesabu zilizokaguliwa lazima ziwepo. Sisi tuna daftari la mhazini lenye doa la mchuzi. WIOMSA ya Zanzibar, chama cha wanasayansi wa bahari, inafadhili utafiti, na sisi si watafiti.

Fedha za serikali ya Marekani zinahitaji namba ya utambulisho inayoitwa UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwezi Aprili 2022. Kuipata ni bure. Alitupigia mtu anataka dola 200 "kutuharakishia". Huyo ni tapeli, msimlipe.

Iliyobaki na maana kwetu ni miwili mitatu: Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia), inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, ambayo inavipa vikundi kama vyetu kwa viwango vya makumi ya maelfu ya dola na uamuzi unatolewa na kamati ya humu nchini, na wafadhili binafsi wa Ulaya wanaotangaza mara moja kwa mwaka.

Wanachama wengine walitaka pesa za hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Gazi huko Kwale, Kenya, kikundi cha Mikoko Pamoja wanaiuza tangu 2013, na Vanga nao wakafuata. Nikapiga hesabu mkutanoni. Gazi ni hekta 117 na wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho hicho, hekta zetu 6 hazifikishi tani 160. Gharama ya mkaguzi wa kupima hewa hiyo ingetumeza. Juu ya hapo, kwetu kuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kituo cha taifa pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, ambako mradi lazima ukaandikishwe. Tukaliacha, ingawa kuna wawili bado hawajanisamehe.

27 Agosti 2023: Mtaalamu wa laki nane

Hili nalieleza kwa kirefu.

Tulimwajiri mtu wa mjini aandike andiko la kuomba ruzuku. Alikuja na begi la ngozi na maneno mengi, akala samaki, akaondoka na shilingi 800,000 tulizochangishana: 500,000 mbele, 300,000 baada ya kukabidhi. Siku 10 baadaye likaja andiko la kurasa 31, zuri kwa macho, Kiingereza kitupu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake. Tukalituma bila kulisoma.

Nililisoma wiki iliyofuata, na kamusi mkononi. Ukurasa wa 7: "wavuvi wa ziwa hili". Ukurasa wa 12: miti ya kupanda ni mikaratusi. Ukurasa wa 19: tutapanda miche 50,000 kwa miezi sita, pikipiki 2, kompyuta 3, na zaidi ya nusu ya bajeti ni posho za semina. Alikuwa amechukua andiko la watu wa bara, akafuta jina lao akaweka letu. Yaani alitufanyia sisi kile tulichoifanyia VICOBA, na sisi tukamlipa.

Tumeapa kwamba andiko litaandikwa kijijini, kwa Kiswahili kwanza, lisomwe kwa sauti mkutanoni, ndipo litafsiriwe. Anayetafsiri analipwa kwa ukurasa.

Gharama: 800,000. Bando, uchapaji na kutafsiri nyaraka za usajili: 168,000.

9 Januari 2024: Jibu la mistari miwili

Limekataliwa. Mstari wa kwanza asante, wa pili pole. Niliandika kwa adabu kuomba sababu, na wiki tatu baadaye wakajibu. Hawakugusia ziwa wala mikaratusi. Walichouliza kilikuwa kimoja: "Mna idhini gani ya kufanya kazi katika msitu huo?"

Hatukuwa nayo. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Sisi tulizaliwa pembeni yake, babu zetu walikata boriti humo, tukadhani inatosha. Mtu akipanda mche kwenye msitu ule bila makubaliano, kisheria yuko shambani kwa mwingine. Na mfadhili hawezi kulipia kazi ya shambani kwa mwingine.

Tumekwenda ofisi ya misitu ya wilaya na barua ya serikali ya kijiji, ramani iliyochorwa kwa mkono, na muhtasari wa mkutano mkuu. Tulirudishwa mara moja kwa sababu muhtasari haukuwa na muhuri. Mara ya tatu afisa akaja mwenyewe kuona, akavua viatu, akaingia topeni. Barua ya ridhaa imetoka, mkataba wa usimamizi shirikishi utafuata kwa taratibu zake.

Gharama za safari hizo zote: 214,000.

11 Machi 2024: Kuhesabu wafu

Afisa yule alituachia swali tulilolikwepa miaka miwili: miche ya 2022 iko wapi?

Mwaka 2022, kabla hata ya kuwa kikundi rasmi, tulipanda mbegu za mkoko 4,200 kwenye tope wazi mbele ya bahari, tukapigwa picha, tukala pilau. Jana na leo, maji ya bamvua (yale ya mwezi mchanga na mpevu, yanayojaa na kupwa kupita kawaida) yakiwa yamekupwa sana, tumehesabu mmoja mmoja kabla ya Ramadhani kuanza kesho. Wazima ni 311. Asilimia 7 na kidogo.

Ila kuna jambo. Kati ya hao 311, 274 hawakuwa kule mbele. Walikuwa ndani ya shamba la chumvi, karibu na tuta lililobomoka lenyewe, mahali ambapo watoto walichomeka mbegu zilizobaki ili ndoo ziishe. Kule mbele mawimbi yaling'oa, na iliyobaki ilivaa vile vigamba vigumu vinavyong'ang'ania ngalawa, mche mzima unalemewa na kulala.

Mzee mmoja wa ngalawa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Wanangu, mnapanda penye njia ya maji. Mlilana ndio unaoweza kusimama pale mbele, tena wenyewe hujiotea. Mkoko na mkandaa vyataka maji yaingie na yatoke. Kule chumvini maji yamezuiwa na tuta tu. Toboeni tuta, miti itakuja yenyewe."

Mlilana na mkandaa ni aina za mikoko, na mkoko aliousema ni aina mojawapo pia. Mradi wetu wote wa sasa uko katika maneno hayo. Kupanda kumekuwa jambo la pili. La kwanza ni kulifungulia maji shamba lililokauka.

8 Juni 2024: Andiko la pili

Kurasa 2 za wazo kwanza, kisha mfadhili akaomba andiko kamili, kurasa 9. Jina la mfadhili silitaji, maana mkataba unataka idhini yao ya maandishi kabla ya kulitumia.

Mkutanoni tulibishana jambo moja tu: tuandike zile 4,200 na 311, au tufiche? Mwenyekiti alisema nani atampa pesa mtu aliyeua miche elfu tatu na mia tisa. Mhazini, mama mwenye doa la mchuzi, akajibu kwamba pesa za kununua miche ilikuwa yetu wenyewe, kwa hiyo kifo ni chetu na hatumwibii mtu tukikitaja. Tukaandika. Ukurasa wa pili mzima ni hesabu ile, yenye ramani ya mahali miche ilipofia na mahali ilipopona.

Maswali ya mfadhili yalipokuja, mengi yalihusu ukurasa huo. Mengine matatu yalitubana.

Moja, mchango wetu. Tuliandika nguvu kazi ya watu 27 kwa siku 40 kwa shilingi 8,000, jumla 8,640,000. Wakauliza 8,000 imetoka wapi. Tukaomba serikali ya kijiji iandike barua ya kiwango cha kibarua wa siku, ikapigwa muhuri.

Mbili, watia sahihi wa benki, ule ukoo. Tumebadilisha wawili. Shemeji alinuna wiki mbili.

Tatu, kikundi cha kijamii hakitoshi kwa taratibu zao, lazima pesa zipitie asasi iliyosajiliwa na yenye hesabu zilizokaguliwa. Tumepata asasi mlezi mkoani, inayotoza asilimia 8. Asilimia hizo hatukuwa nazo kwenye bajeti. Tukafuta kompyuta na pesa za kukodi boti ya injini, ikatosha.

Gharama za andiko hili, pamoja na mtafsiri: 190,000.

21 Oktoba 2024: Mkataba

Tumekubaliwa. Dola 20,000 kwa miezi 14, kwa awamu mbili sawa. Bajeti yetu ni shilingi 54,000,000, iliyopigwa kwa dola moja shilingi 2,700.

Asasi mlezi ikatukumbusha kanuni za 2018: mkataba unaozidi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali na Hazina ndani ya siku 10 tangu kutiwa sahihi. Kazi hiyo ni ya mlezi, lakini ikichelewa anayekaa bila pesa ni wewe, kwa hiyo tulimpigia kila siku.

Nimejumlisha tulichotumia kuitafuta ruzuku hii tangu mwanzo: 285,000 na 800,000 na 168,000 na 214,000 na 190,000. Ni shilingi 1,657,000, na mfadhili harudishi hata senti ya kabla ya sahihi. Bila mtaalamu ingekuwa 857,000.

19 Desemba 2024: Shilingi imepanda, sisi tumeshuka

Awamu ya kwanza imeingia wakati mbaya kuliko wote. Oktoba dola ilikuwa kama 2,700. Mwezi huu shilingi imepata nguvu ghafla, redioni wanashangilia, na benki imenunua dola zetu kwa 2,390.

Kati ya dola 10,000, 35 zimeishia kwa benki za njiani, 800 ni za mlezi. Zimebaki 9,165, ambazo ni shilingi 21,904,350. Tulitegemea 24,840,000. Pengo ni 2,935,650 kabla hatujachimba hata chepe moja.

Tulichofanya: hatukugusa chochote, tukaandika barua ya kuomba kubadili bajeti, na jibu limekuja baada ya siku 6. Mashine ya kijiko ya kuchimbia tuta, iliyotengewa 6,400,000, tumeifuta. Badala yake watu 22 kwa siku 18 kwa 8,000, yaani 3,168,000. Pengo limezibwa na 296,350 zimebaki. Mfadhili alitega sikio kwenye jambo moja: hao 22 wasiwe wanachama, maana siku zetu tumeshaziandika kama mchango. Kwa hiyo wameajiriwa vijana wasio kikundini. Kumbe imetufaa, maana waliokuwa wakitukejeli sasa wanatuamkia.

5 Februari 2025: Boti iliyoahidiwa

Kwenye andiko tulitaja mradi mkubwa wa jirani, uliofadhiliwa na Marekani, kwamba utatuazima boti na mtaalamu wa kupima vina vya maji. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Washington ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ule mradi ukafunga milango ndani ya wiki moja. Mtaalamu alituaga kwa ujumbe wa simu.

Zile 296,350 zimeenda kwenye ngalawa za kukodi na mti wa kupimia tuliouchonga na kuuwekea alama za rangi kila sentimita 10. Vipimo vinafanana vya kutosha. Lakini andiko lilisema "kwa ushirikiano na", na ikabidi tueleze upya kwa maandishi. Kuanzia sasa tukiandika mchango wa mwingine, tunaandika pia asipokuwepo tutafanyaje.

Aprili 2025: Bamvua la Idi

Tuta lilitobolewa mwishoni mwa Februari, upana mita moja na nusu, upande wa barabara. Hapo ndipo mkokoteni ulipofika kwa urahisi. Mzee wa ngalawa alisema tutoboe upande wa pili, penye mkondo wa zamani. Tukamsikiliza kwa heshima, tukafuata mkokoteni.

Mwezi uliandama na bamvua kubwa, Idi ikaangukia tarehe 31 Machi. Watu wako kwenye kanzu, maji yakaingia shambani kwa kishindo, vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hayakutoka. Siku ya tatu yalikuwa bado yamesimama, moto kama ya kuogea, na ile miche 274 tuliyoitegemea imeanza kuwa manjano. Penye barabara pana mwinuko, sakafu ya shamba inainamia kule kwenye mkondo wa zamani. Mti wa kupimia ungetuambia, kama tungeupima sakafu na si bahari peke yake.

Tumetoboa tundu la pili pale mzee alipoonyesha, siku 11 za kazi ya wanachama, bure. Maji yakatoka usiku wa kwanza na sauti yake ikasikika hadi nyumba za mbele. Miche 38 imekufa.

30 Juni 2025: Risiti

Hesabu ya kwanza ya miche iliyojiotea: viwanja 20 vya mita 2 kwa 2, yaani mita za mraba 80, vina miche 96, mingi ni mchu, aina nyingine ya mikoko, na mkandaa kidogo. Hatujapanda hata mmoja kati ya hiyo. Mfadhili ameomba picha za viwanja vyote 20 zenye tarehe, na kila kiwanja kina vigingi vinne ili mwakani tusibishane.

Ripoti ya fedha haikwenda vizuri hivyo. Chakula cha wachimbaji kilipikwa na mama ntilie wa kijijini ambaye hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Alituandikia kwenye karatasi ya daftari. Mlezi amekataa karatasi hizo, jumla 412,000. Wali uliliwa, watu 22 ni mashahidi, lakini mkaguzi hali wali. Tangu hapo kila malipo ya aina hiyo yana fomu: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi ya anayelipwa, sahihi za wawili wetu, na muamala upitie simu badala ya taslimu ili ubaki na kumbukumbu.

Awamu ya pili bado haijaingia. Matumizi yake tumeyapanga upya kwa dola moja shilingi 2,400, na kilichozidi, kikizidi, kitaenda kwenye doria. Zile 412,000 kikundi kinazirudisha kwa mlezi kwa mafungu matatu. Mawili tumelipa, la mwisho linadaiwa tarehe 15 Julai, na hesabu ya pili ya viwanja ni bamvua la mwezi huo huo.